Kimya cha Mama Mzazi katika Nchi ya Meru na Embu

Kila mwalimu ana daftari la mahudhurio. Asubuhi hulifungua, huita majina, na kila aitikiaye huwekewa alama. Nimelifanya jambo hilo kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mambo yasiyoandikwa katika daftari hayapo.

Imani hiyo ilivunjwa na mwanafunzi mmoja. Alikuwa akisomea ualimu katika chuo nilichofundisha wakati huo, kijana hodari, mwepesi wa kuuliza na mwepesi wa kucheka. Alikwenda kwao kujifungua, na baada ya wiki chache akarudi. Mtoto alikuwa mzima, na mwili wa mama nao ulikuwa mzima. Lakini sasa alikaa kiti cha nyuma, hakuuliza neno, na kazi zake za kuandika hazikuletwa. Mwisho wa muhula niliandika katika taarifa yake kwamba amekuwa mvivu. Muhula uliofuata hakuja tena. Ndipo muuguzi mmoja mzee, jirani yangu, aliponiambia: “Mwalimu, yule hakuwa mvivu. Yule alikuwa mgonjwa, nasi sote tulikuwa tukimtazama mtoto.”

Taarifa ile sikuweza kuifuta, kwa maana ilikwisha pelekwa kwao. Lakini tangu siku hiyo nimejifunza kuyasoma madaftari kwa namna nyingine, yangu na ya wengine pia. Historia nayo ina madaftari yake: ya hospitali, ya mahakama, ya serikali. Katika insha hii nataka tutazame jinsi madaftari hayo yalivyowapita akina mama wa Meru na Embu waliougua nyoyo zao wakati wa mimba na baada ya kujifungua, na jinsi ukweli ulivyojulikana baadaye.

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Siku za kwanza baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila sababu wanayoijua, na machozi hayo hukauka yenyewe kwa muda wa wiki mbili hivi. Huo si ugonjwa. Lakini kwa baadhi ya wazazi huzuni haiondoki. Na kwa wengine ilianza tangu mimba, wala mtu hakuitambua. Mama hukosa usingizi hata mtoto alalapo. Chakula hakimpendezi. Yale aliyoyafurahia zamani hayamfurahishi tena. Hujiona hafai kuwa mama, na pengine huwaza kwamba heri asingekuwapo. Ugonjwa huu wa huzuni huitwa sonona. Upo na ugonjwa mwingine ulio wa nadra, umpatao mzazi mmoja au wawili katika kila elfu: mama hupotewa na akili ghafula katika siku au wiki za kwanza, akasikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo kweli. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kama vile akimbizwavyo mwenye kutokwa na damu isiyokatika. Magonjwa haya yote hutibika, ama kwa mazungumzo na msaada wa watu, ama kwa dawa, ama kwa vyote pamoja.

Sasa turudi nyuma. Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, toka Embu kuvuka mto Thuci hadi Chuka, Imenti, Tigania na Igembe, mwanamke wa zamani alijifungua nyumbani, mikononi mwa wanawake wazee waliokwisha kuzaa. Wanaume walikaa mbali. Mtoto alipopatikana, majirani walileta kuni, maji na uji. Zilipikwa fiwi nyeusi, zijulikanazo sana kwa jina la njahi, ambazo hata leo mama mzazi wa upande huo hulishwa ili apate nguvu na maziwa. Hakutarajiwa kushika jembe mara moja. Na mwambao wa Waswahili nao haukuwa mbali na desturi hii, maana huko mzazi alikaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kuhudumiwa na jamaa zake.

Sisemi kwamba wazee hao waliijua sonona kwa jina tulipatialo sisi. Nasema kwamba desturi yao ilimweka mzazi katikati ya watu. Mwanamke asiyekula alijulikana, kwa sababu aliyemletea uji jana alikuta kibuyu hakijaguswa leo. Asiyelala alijulikana, kwa sababu hakulala peke yake nyumbani. Hapakuwa na daftari, lakini yalikuwapo macho.

Hata hivyo tusiipambe zamani kuliko inavyostahili. Macho hayo yalimtunza mke aliyezaa kwa kufuata taratibu za kabila. Katika nchi ya Meru, msichana aliyeshika mimba kabla ya kutahiriwa alihesabiwa kuwa ameleta mkosi, na mara nyingi mimba hiyo ilitolewa, apende asipende. Kwa binti huyo hapakuwa na kibuyu cha uji. Fadhaa aliyokuwa nayo moyoni twaweza kuikisia tu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na aibu ilimfundisha kunyamaza.

Kisha ukaja utawala wa Waingereza, na pamoja nao misheni na hospitali. Misheni ya Kanisa la Scotland ilianza kazi Chogoria mwaka 1922, ikiongozwa na Daktari Archibald Irvine. Wamethodisti walijenga hospitali yao Maua, na Wakatoliki wa Consolata wakawa na yao Nkubu. Si haki kuidharau kazi hiyo. Wanawake ambao zamani wangekufa kwa kutokwa na damu, au kwa mtoto aliyekaa vibaya tumboni, waliokolewa. Lakini hospitali za nyakati hizo, huku kwetu kama kwingineko, zilitafuta hesabu mbili: mama yu hai, mtoto yu hai. Zikipatikana hizo, huandikwa kwamba mama amejifungua salama. Neno hilo “salama” lilikuwa neno la mwili. Moyo haukuwa na safu yake katika daftari.

Kwa wagonjwa wa akili palikuwa na hospitali moja kubwa kwa nchi nzima, nayo ilikuwa Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1910, na mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Toka mji wa Meru hadi huko ni zaidi ya kilometa 200. Toka mwaka 1938 hadi mwaka 1950 aliyeisimamia alikuwa Daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na katika ugonjwa. Humo alieleza kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na akaifananisha akili ya Mwafrika na ile ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo wake.

Msomaji anayejifunza historia na asimame hapa kidogo aulize: neno hilo lilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa lilitoka katika daftari la Mathari. Nani basi waliandikwa katika daftari hilo? Hasa ni wale waliosumbua watu hata wakakamatwa na kupelekwa: waliopiga, waliozurura, waliotishia majirani. Mama wa Igembe au wa Runyenjes aliyekaa gizani nyumbani mwake, akimnyonyesha mtoto bila kumtazama usoni, hakumsumbua mtu yeyote. Nani angempeleka Nairobi? Kwa hiyo hakuandikwa. Na kwa kuwa hakuandikwa, ilisemwa kwamba hayupo. Waswahili wasema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Daktari yule alikisikia kimya, akadhani ni afya.

Jambo hili lashangaza zaidi tukikumbuka kwamba Wazungu walikuwa wakiujua ugonjwa huu kwa wake zao kwa muda mrefu. Mwaka 1858, karibu miaka 100 kabla ya kitabu cha Carothers, daktari Mfaransa Louis-Victor Marcé alichapisha kitabu kizima juu ya wagonjwa wa akili walio wajawazito, waliojifungua karibuni na wanaonyonyesha. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1922, iliyotengenezwa upya mwaka 1938, ilikiri kwamba mama aweza kuvurugikiwa akili kwa sababu ya kuzaa, hata asihukumiwe kama muuaji wa kawaida iwapo amemdhuru mwanawe. Sheria ya jinai ya Kenya nayo ina kanuni kama hiyo katika kifungu cha 210. Hivyo, yale yaliyohesabiwa kuwa ugonjwa kwa mama wa Paris na wa London yalisemwa kuwa hayamjii kwa urahisi mama wa Chuka. Haikuwa kwamba moyo wake ni mwingine. Aliyekuwa akimtazama alikuwa na jicho lingine.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari, na wakati huo ndio uliowaelemea akina mama wa nchi hizi kuliko wakati mwingine wowote katika karne ile. Wanaume wengi walikuwa msituni, au kizuizini, au katika majeshi ya ulinzi ya serikali. Tarehe 24 Aprili 1954 ulianza msako mkubwa wa Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa. Toka mwaka huo hadi mwisho wa mwaka 1955, zaidi ya watu milioni moja wa makabila hayo walihamishwa toka makwao wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa kwa silaha. Wengi wa waliohamishwa walikuwa wanawake, watoto na wazee. Nyumba za zamani zilichomwa. Wanawake walitolewa kuchimba mahandaki na kufanya kazi za lazima. Vijiji vingi viliona njaa, na wadogo walikufa wengi.

Fikiri, msomaji, juu ya mwanamke mwenye mimba ya miezi minane katika kijiji kama hicho. Mume hajulikani aliko. Nyumba si yake. Jirani aliyelala ukutani mwake si yule aliyemzoea, na huenda ndiye atakayemshtaki. Amri yakataza mtu kutoka nje usiku, lakini utungu wa uzazi hauchagui saa. Kuni za mzazi zitaletwa na nani, ikiwa kila mwanamke amepelekwa handakini tangu alfajiri? Desturi ya kumzunguka mzazi haikukatazwa kwa sheria yoyote, lakini ilinyimwa watu na ikanyimwa muda. Madaftari ya serikali yalihesabu nyumba za vijiji na waliokula kiapo. Daktari Carothers mwenyewe aliitwa na serikali, na mwaka 1954 akaandika kitabu kidogo juu ya mambo ya akili katika Mau Mau. Akili iliyotakiwa kueleweka ilikuwa ile ya waasi. Mama aliyekuwa akilia kibandani hakuwa swali la serikali.

Hali ya Hatari ilikwisha mwaka 1960, lakini upweke wa mzazi haukwisha pamoja nayo. Vijana walizidi kwenda mijini kutafuta kazi, na wasichana wengi waliachwa na mimba. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyompa mama asiyeolewa haki ya kumdai baba wa mtoto fedha za matunzo. Mwaka 1969 bunge, ambalo karibu lote lilikuwa la wanaume, liliifuta. Ilibidi kungoja hadi katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 53 yasema kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya fedha peke yake. Madaktari wameona kwamba miongoni mwa mambo yamletayo mama katika sonona ni umaskini, kuachwa, kupigwa nyumbani, na kukosa mtu wa kumwambia neno.

Je, neno la Carothers liliangushwaje? Liliangushwa na watu waliotoka hospitali wakaenda vijijini kuuliza. Nchini Ghana, Margaret Field alikaa penye mahali pa ibada za wenyeji, na katika kitabu chake cha mwaka 1960 akaonyesha kwamba wanawake wengi waliokuja huko kujishtaki wenyewe kuwa wachawi walikuwa wagonjwa wa sonona. Hawakwenda hospitali kwa sababu hawakuona kuwa ni ugonjwa. Waliona kuwa ni dhambi.

Karibu nasi zaidi, nchini Uganda, daktari Mwingereza John Cox alifanya kazi Makerere katika miaka ya 1970. Alikwenda Kasangati, karibu na Kampala, akazungumza na akina mama wa Kiganda waliokuwa wajawazito, kisha akawafuata baada ya kujifungua. Akaona kwamba karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na sonona. Baadaye alifanya kazi kama hiyo kwa akina mama wa Scotland, wala hakuona tofauti kubwa. Aliona pia kwamba Waganda wenyewe walikuwa wakilijua jambo hili kabla yake. Walikuwa na jina la ugonjwa wa akili wa mzazi, amakiro. Ila waliamini kwamba huletwa na uzinzi wakati wa mimba. Hapa twaona sababu nyingine ya kimya. Mama gani ataungama ugonjwa ambao kuutaja ni kujitangaza mzinzi?

Mwaka 1987, huko Scotland, Cox pamoja na Jeni Holden na Ruth Sagovsky walitoa orodha ya maswali 10 mepesi ambayo mama huulizwa juu ya siku zake 7 zilizopita: kama ameweza kucheka, kama amejilaumu bure, kama amelala, kama amewaza kujidhuru. Majibu hupewa alama toka 0 hadi 30, na mwenye alama nyingi hutazamwa zaidi na mganga. Maswali hayo sasa hutumika katika nchi nyingi za dunia, na Kenya ni mojawapo. Ni jambo la kuwapa moyo vijana wetu kwamba sehemu ya safari iliyoyazaa ilipita katika kijiji cha Afrika Mashariki, kwa akina mama walioulizwa wakajibu.

Na Shirika lile lile la Afya Ulimwenguni, lililochapisha kitabu cha mwaka 1953, leo lasema kinyume chake. Lasema kwamba duniani wajawazito wapatao 10 katika kila 100, na waliojifungua wapatao 13, hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona; na kwamba katika nchi zisizo tajiri hesabu huzidi, ikawa karibu 16 kwa wajawazito na karibu 20 kwa waliojifungua. Kwa hesabu hiyo, katika kila wazazi watano wa nchi kama yetu, mmoja anaubeba mzigo huu.

Kenya imepiga hatua kadhaa. Juni 1 mwaka 2013 serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka huo huo kazi ya hospitali nyingi ilikabidhiwa serikali za kaunti, nazo Meru, Embu na Tharaka-Nithi zikawa na madaraka yao. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022. Mwaka 2023 walitumwa vijijini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao kazi yao ni kupita nyumba hata nyumba. Mhudumu huyo aweza kuwa yale macho ya zamani, akifundishwa kumtazama mama pamoja na mtoto.

Lililobaki ni swali. Mama wa Nkubu au wa Siakago hufika kliniki na mtoto wake katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa ajili ya chanjo. Mtoto huvuliwa nguo, hupimwa uzito, na alama huwekwa katika kijitabu. Mara tatu mama huyo amesimama mbele ya muuguzi. Mara tatu angeweza kuulizwa: “Na wewe, mama, walala? Wala? Moyo wako waonaje?” Maswali hayo hayahitaji mashine wala umeme. Yahitaji muda mdogo na mtu asiyefanya haraka kusikia jibu la kwanza, kwa maana jibu la kwanza huwa ni “mzima” karibu kila mara.

Wala kazi hii si ya wauguzi peke yao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: tuutazamapo begani mwa mwingine twauona mwepesi. Mume aliyerudi nyumbani, mama mkwe, shangazi, mwalimu, hata ndugu mdogo aliye shuleni, kila mmoja aweza kuchota maji, kumbeba mtoto saa moja ili mama alale, na kumpeleka hospitali anapoona kimya kimezidi. Na wewe msichana usomaye kurasa hizi, ambaye siku moja huenda ukawa mama, ukumbuke kwamba mficha uchi hazai. Huzuni ya namna hiyo si dhambi, si uvivu, wala si uchawi.

Katika daftari langu bado naweka alama za mahudhurio kama zamani. Ila mwanafunzi anaporudi toka kujifungua, humwita kando, nikamwuliza hali yake mara mbili.